Boti ya Saa Moja: Hesabu ya Kwenda Baharini Kutoka Matiliku

Boti ya kwanza kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja huondoka saa moja asubuhi. Ndivyo nilivyoandika juu kabisa ya daftari mwezi wa tano mwaka jana, nimeketi mbele ya duka la jirani sokoni Matiliku. Chini yake nikapiga mstari, kisha nikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

Tulikuwa watu saba: mimi na mke wangu, watoto watatu wa miaka 14, 9 na 3, dada yangu ambaye ndiye shangazi yao, na mama yangu, ambaye wajukuu humwita Susu kama desturi ya Ukambani ilivyo. Mbegu ya safari ilipandwa na binti yetu mkubwa. Januari 2023 aliona kwenye taarifa ya habari meli ya Norwegian Dawn imefunga gati Kilindini, ghorofa juu ya ghorofa, akauliza sisi tutapanda lini. Swali la haki, ila jibu lake si tamu. Meli zile huleta Mombasa abiria waliokwisha kupandia kwingine. Ukizitaka, huna budi kuruka kwanza hadi bandari inakoanzia safari, na kwa familia ya wakulima wa machungwa hesabu hiyo hufia kwenye ndege kabla ya kugusa maji.

Mimi nilipendekeza Wasini. Unateremka hadi Shimoni, unapanda jahazi, unazunguka hifadhi ya Kisite-Mpunguti, jioni uko nchi kavu, wala hakuna wa kukuuliza pasipoti. Nilishindwa kwa kura sita. Susu alisema hajaishi miaka yote hiyo ili apelekwe baharini kwa mbao na tanga. Akienda, ataenda na chombo chenye ngazi za kupanda juu. Ikabaki boti ya Unguja.

Kosa la wengi, nami nimeliona mara nyingi kwenye safari za harusi na mazishi, ni kuhesabu kwenda mbele: tutoke nyumbani alfajiri, tufike Emali, halafu tutaona. Kila kuchelewa kunabebwa hadi kituo kinachofuata, na mzigo wote unaishia kwenye chombo kisichongoja mtu. Basi la kuelekea mpakani, ukilikosa, kuna jingine. Boti ukiikosa na tiketi saba mkononi, umeanza maisha mapya. Kwa hiyo nilianzia bandarini. Boti saa moja. Bandarini saa kumi na mbili, maana kuna ukaguzi wa mizigo na foleni. Ili tufike saa kumi na mbili na mtoto wa miaka 3 akiwa na akili zake, tulale Dar es Salaam, tena karibu na bandari. Ili tulale Dar, basi la Mombasa liondoke asubuhi ya jana yake, kwani ni zaidi ya kilomita 500 na mpaka katikati. Ili tupande basi la asubuhi, tulale Mombasa. Ili tulale Mombasa, tupande garimoshi la Emali juzi yake. Ili tulikute garimoshi, gari la Matiliku litutoe kabla jua halijapanda juu ya mlima Nzaui. Siku mbili nzima za nchi kavu kwa saa zisizozidi mbili za maji.

Garimoshi ndilo lililonipa usingizi. Tangu Madaraka Express ianze mwaka 2017, treni ya kaunti hutoka Nairobi asubuhi na kusimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi kabla ya kufika Miritini, Mombasa, mchana. Viti hujaa mapema wakati wa likizo, kwa hiyo tiketi zilikatwa kwa simu mapema iwezekanavyo, kila jina likiandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Swali gumu lilikuwa akiba ya muda iwekwe wapi. Kila mpango unahitaji siku moja isiyo na kazi, lakini ukiiweka mahali pasipofaa ni sawa na kuweka ndoo mahali pasipovuja. Mke wangu alitaka tupumzike Mombasa, kuna jamaa Changamwe na chakula ni cha bure. Mimi nikakataa. Mashaka yote mazito, yaani kivuko cha kuondokea Mombasa, barabara ya kusini, foleni za mpakani za Lunga Lunga na Horohoro, yako baada ya Mombasa. Siku ya akiba ikikaa Mombasa inakuwa imeliwa kabla ya hatari kufika. Tukaiweka Dar: usiku mmoja wa ziada, gharama ya vyumba viwili. Katika daftari lote, hiyo ndiyo pesa niliyoitoa bila kusita.

Kisha majira, na hapa ndipo shamba, shule na bahari vilipogombana.

Bahari yetu ina mabwana wawili. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki tangu kama Aprili hadi Septemba, na huwa na nguvu zaidi katikati ya mwaka. Kaskazi huja kutoka kaskazini-mashariki, hukolea Januari na Februari, hupungua Machi. Kati ya mabwana hao kuna vipindi vya utulivu, na kile cha Oktoba na Novemba wenyeji wa pwani hukiita matlai. Ukitazama ramani utaelewa tofauti. Kutoka Dar kwenda mjini Unguja boti huelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Wakati wa kusi, nusu ya kwanza ya njia iko wazi kwa bahari kuu. Hakuna kisiwa cha kuvunja wimbi kabla halijakupiga ubavuni. Wakati wa kaskazi, kadiri unavyokaribia, Unguja yenyewe inakukinga. Ndiyo sababu Agosti, likizo inayopendwa na watu wa bara kwa kuwa machungwa yamelipa, sikuiruhusu hata ijadiliwe.

Nilikuwa na ushahidi mzito kuliko ramani. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, ikitoka Dar kwenda Unguja, karibu na kisiwa cha Chumbe. Kilikuwa chombo kilichotengenezwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji ya ndani ya Puget Sound, jimbo la Washington, maji yaliyozungukwa na nchi. Miezi kumi kabla yake, Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi. Majina hayo mawili niliyasoma kwa sauti mezani, si kwa kutisha watu, bali kwa sababu yanafundisha maswali mawili ya kuuliza kabla ya kulipa: chombo hiki kilijengwa kwa maji gani, na leo kinabeba wangapi? Boti za kasi za sasa za mfululizo wa Kilimanjaro zilijengwa Tasmania, Australia, zina matumbo mawili yanayokaa mbalimbali, na tiketi ina jina lako. Susu alisikiliza, kisha akasema neno moja: Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilichojaa kupita kiasi kilipinduka pale Mombasa, watu 272 wakafa, nchi kavu wakiiona kwa macho. Kumbe yeye alikuwa na swali la pili tangu zamani.

Basi Novemba. Lakini Novemba Makueni ni mvua, na mvua ya mwisho wa mwaka ndiyo tunayoitegemea. Desemba maembe huanza kuchukuliwa, na mnunuzi hangoji mwenye shamba arudi kutoka Unguja. Tulipata upenyo mmoja: siku kumi za mwisho wa Novemba, shule zimefungwa, mahindi na ndengu zimepata palizi ya kwanza, maembe ya Apple na Kent bado hayajaiva. Pesa zilitoka kwenye machungwa ya Julai na Agosti, zikapitia chama cha mke wangu zisije zikaliwa na ada. Upenyo wa siku kumi si mpana. Ndiyo maana hati zilianza mwezi wa tano.

Kwa Mkenya, kitambulisho cha taifa kinakuvusha kwenda Uganda na Rwanda, lakini Tanzania hutaka hati ya kusafiria. Watoto nao, hata anayebebwa. Pasipoti ya mtoto inasimama juu ya cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, na cheti kikiwa na herufi moja iliyopotea, kila kilicho juu yake kinayumba. Cha mwana wetu wa pili kilikuwa kimeandikwa jina la babu kwa njia moja, kitambulisho changu kwa nyingine. Kosa langu, mimi ndiye niliyejaza fomu miaka tisa nyuma kwa haraka za baba wa mtoto mchanga. Kurekebisha kulichukua wiki tano. Ningeanza Septemba, safari ingekufa kwa herufi moja.

Halafu kadi ya njano, inayoangushwa na wengi kwa sababu wanaidhani karatasi tu. Chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa kuwa halali siku ya 10 baada ya kuchomwa. Ukichanjwa Jumatatu ukavuka mpaka Ijumaa, kadi yako ni ya mapambo. Ikishakuwa halali ni ya maisha, kwa hiyo anayeogopa gharama aigawe kwa miaka aliyobakiza. Jambo ambalo sikulijua hadi tulipofika hospitalini: kwa mtu wa miaka 60 kwenda juu, chanjo hii hutolewa kwa tahadhari. Daktari alimweka Susu kando, akampima, akamuuliza dawa anazotumia, akapima faida na hatari kabla ya kukubali. Kama una mzee katika msafara, mpeleke wa kwanza, kwa sababu jibu lake linaweza kubadilisha mpango wote.

Mizigo sina mengi ya kusema. Mifuko ya plastiki ibaki nyumbani, imepigwa marufuku pande zote mbili za mpaka. Chakula chetu cha njiani, muthokoi, kiliisha kabla ya Voi. Susu alitaka kupeleka gunia dogo la machungwa kama zawadi, nikamweleza kwamba matunda mabichi hayavuki mpaka kiholela bila cheti cha afya ya mimea, na kwamba Unguja kuna machungwa. Hakuamini hilo la pili hadi alipoyaona kwa macho yake, na hata hapo alisema ni madogo.

Sasa tumbo. Kulewa bahari kuna mpangilio wake. Watoto wachanga ni nadra kulewa. Kati ya miaka 2 na 12 ndipo penye taabu kubwa. Baada ya hapo hupungua polepole. Kwa hesabu hiyo nilijua wa kuchungwa ni wawili, wa miaka 9 na wa miaka 3. Chombo hupanda na kushuka kama pembea ya ubao: omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ndivyo vinavyorushwa, katikati hutikisika kidogo. Kwa hiyo tulikaa sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, watoto upande wa dirisha wapate kutazama mstari wa upeo, simu zote zimefungwa. Vidonge vilimezwa saa nzima kabla ya kuondoka, kwa kipimo cha daktari, kwa sababu ukingoja kichefuchefu kianze ndipo umeze, kidonge chenyewe kitarudi. Chai ya tangawizi na mkate mkavu. Si chapati za mafuta, wala si tumbo tupu. Tulichagua boti ya asubuhi pia kwa sababu upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda. Kabla ya kamba kufunguliwa niliomba nionyeshwe maboya ya watoto yalipo. Mhudumu alinionyesha bila kununa.

Mpango ulifaulu karibu wote. Kosa moja lilikuwa langu, na ni la mizigo, lile jambo nililosema sina mengi ya kusema. Mabegi makubwa hupokelewa mlangoni na kupangwa kando. Huyaoni tena hadi uteremke. Nguo za kubadilisha za watoto, taulo na tangawizi iliyobaki nilivipanga vizuri sana, kwa mpangilio wa kupendeza, ndani ya begi kubwa. Nusu saa baada ya kuondoka, mara tulipotoka kwenye kinga ya visiwa vidogo vya mbele ya Dar, mwana wa miaka 9 akageuka rangi ya muhogo. Mhudumu alikuwa anakuja na mifuko ya kutapikia, yuko safu mbili mbele yetu. Hakuwahi. Susu alifungua leso yake mpya, ya kwanza kuvaliwa, akaikinga chini ya kidevu cha mjukuu kama mtu anayekinga maji ya paa. Alipomaliza akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kiti, akaendelea kutazama dirishani. Yule wa miaka 3, niliyemwogopea kuliko wote, alikuwa amelala tangu Dar.

Kurudi kulikuwa kwepesi, kaskazi changa ikitusukuma kwa nyuma na mfuko mdogo wa nguo uko miguuni pangu. Mpaka ulitumeza saa tatu. Treni ilitushusha Emali mchana, mvua ikinyesha, na dereva wa gari la Matiliku akamuuliza Susu bahari ikoje. Akamjibu kwamba ina ngazi. Shambani magugu yalikuwa yamefika magotini.