Sifa Mbele, Mtu Nyuma

Katika mikahawa ya Istanbul ya zamani, meddah, msimulizi wa hadithi, aliketi juu ya kiti kirefu, leso shingoni, fimbo mkononi. Msifiaji kwa jina, mchongezi kwa kazi. Peke yake aliwaigiza bahili, mlevi na mwanachuoni mwenye majivuno, na ukumbi ukawaona wote. UNESCO iliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi mwaka 2008, wakati redio, sinema na televisheni zilikuwa zimekwishawachukua wasikilizaji wake. Leso na fimbo vinaweza kuhifadhiwa kabatini. Ufundi wenyewe ulikaa ndani ya sentensi.

Kituruki hutanguliza sifa, kisha ndiyo humleta mwenye sifa. "Cimri ama dürüst bir adam": bahili, lakini mkweli, na hapo tu ndipo mtu anapotajwa, akiwa amekwisha kupimwa. Ukigeuza, "dürüst ama cimri bir adam," mtu ni yuleyule na heshima yake imeshuka, kwa kuwa kinachofuata "ama", yaani "lakini", ndicho kinachobaki masikioni. Wazungumzaji hodari hulisogeza neno hilo hadi mwisho kabisa. "İyi çocuktur, tembel ama." Kijana ni mwema, uvivu wake unadondoshwa baadaye, kana kwamba msemaji ameukumbuka akiwa mlangoni. Hakuwa ameusahau hata kidogo.

Kwa watu wawili kuna "ise". "Ağabeyi çalışkan, kendisi ise tembel": kaka yake mchapakazi, yeye sasa, mvivu. Neno dogo hilo huwasimamisha ndugu wawili uso kwa uso.

Maneno ya kusifu na ya kuunganisha sifa nayo yalipita katika msukosuko. Mwaka 1928 Uturuki ilibadili herufi, na taasisi ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1932 ikaanza kuyasaka maneno ya Kiarabu na Kiajemi. "Rağmen", yaani "licha ya", likaletewa mshindani, "karşın". Mnyenyekevu, aliyekuwa "mütevazı", akaitwa pia "alçakgönüllü". "Lakin" likazeeka. Ikafika mahali mtu akimsifu jirani yake, wasikilizaji walitambua kwanza siasa za msifiaji, sifa za jirani baadaye.

Chombo kimoja hakikuguswa: "-miş", kiambishi cha habari za kusikia. "İyi adammış," husema mtu asiyemjua anayesifiwa. Yasemwa ni mtu mwema, ila dhamana haiko kwangu. Hiyo ni adabu na tahadhari kwa pigo moja, nayo ndiyo rahisi kupotea katika tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mfasiri mwenye haraka akiandika "ni mtu mwema" na kupita, mama mkwe aliyekuwa akirudia tu maneno ya majirani anageuka mdhamini wa mgeni ambaye hajapata kumwona. Na Kiswahili kina "eti" na "inasemekana", vimekaa hapo hapo, bure.