Marseille wanajivunia samaki yao. Sisi je?

Siku niliyopata diploma, familia ilichanga pesa tukatoka Kampemba kwenda kula kwenye resto moja kubwa ya mjini. Mama akauliza kama kuna samaki ya Kasenga na lengalenga. Kijana aliyetuhudumia akatabasamu: « Mama, bile hatupikake hapa. » Tukaletewa samaki ya bahari iliyotoka kwenye friji, na viazi vya kukaanga. Mama akala kimya. Niseme kweli, bandugu: siku ile niliona aibu juu ya Mama, si juu ya resto.

Ile aibu imenirudia nikisoma juu ya mpishi Alexandre Mazzia. Ni Mfaransa, lakini utoto wake aliupitisha Pointe-Noire, kule Kongo-Brazzaville. Kabla ya jiko kumchukua kabisa alicheza pia basketi. Mwaka 2014 alifungua resto yake, AM, mjini Marseille, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 2021 kitabu cha Michelin kikampa nyota tatu, na hakuna nyota ya nne.

Sijala kwake, na kwa mfuko wangu huu sitakula kesho. Kwa hiyo sisifu ladha, nasifu wazo. Anapika samaki na mboga za pande zile za Mediterania, lakini moshi na pilipili vinatoka kwenye kumbukumbu za Kongo. Sahani yake inayojulikana sana ni mkunga wa moshi pamoja na chokoleti. Moshi, bandugu! Ule ule ambao sisi, ukishika kwenye nguo sokoni, tunakimbia kuoga.

Lakini tusimeze kila kitu. Pale Marseille kuna supu inaitwa bouillabaisse. Mwanzo ilikuwa chakula ya wavuvi: samaki za miamba, zenye miiba mingi, zilizokosa mnunuzi. Mwaka 1980 wenye resto kadhaa wa pale waliandikiana mkataba: samaki gani ziingie ndani, na ipikwe namna gani. Walifanya vizuri kuilinda. Ila leo, kwenye resto za namna hiyo, ni chakula ya bei kali, na mtoto wa mvuvi haingii ovyo. Heshima ikimfungia nje aliyeanzisha chakula, hiyo heshima ina kasoro.

Turudi kwetu. Lubumbashi haina bahari, ila kuna mto Luapula na ziwa Mweru. Kasenga iko karibu kilomita 200, na tangu wakati wa Elisabethville samaki yake inalisha mji huu wa shaba. Mvua ikianza, akina mama wanatandika buyoga kando ya barabara, mwingine mpana kuliko sahani. Kwenye menyu nilizoshika mimi mjini, sijaona jina la Luapula hata mara moja.

Njo maana nasema kosa letu si kukosa nyota. Meza ya Marseille inasifiwa kwa sababu inajua samaki imetoka maji gani, na inalitaja jina hilo bila haya. Ujuzi huo tuko nao. Muulize mama anayeuza samaki hapa Bel-Air: atakuambia ipi imefika leo asubuhi na ipi ililala. Anajua ipi ni ya kukaanga, ipi ya kutia kwenye nyanya. Ujuzi wa nyota tatu umekaa chini, juu ya mfuko wa plastiki, na sisi wenye diploma tunaupita tukienda kula friji.

Sitaki bukari na sombe vipande bei mpaka Mama ashindwe kuingia. Nataka aingie, aulize, na apewe.

Siku moja utapata kazi, na wewe utamualika mama yako mjini. Atauliza samaki ya Kasenga. Utasema nini, kabla yule kijana hajatabasamu?