Jenerali Musuguri na Swali la Nani Aliyeshinda Vita

Tangu Jenerali David Musuguri afariki dunia tarehe 29 Oktoba, 2024, akiwa na umri wa miaka 104, yamesemwa mengi juu ya ushujaa wake. Ushujaa huo hatuubishii. Tunachokosoa ni namna unavyosimuliwa, kana kwamba mtu mmoja ndiye aliyemng'oa nduli Amin. Vijana tunaowafunza itikadi hapa Uyole huyapokea masimulizi hayo kama hadithi za majabari, na somo la siasa likapotea.

Kwanza, asili ya askari. Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliingia jeshi la kikoloni la KAR mwaka 1942. Idi Amin naye alitoka jeshi hilo hilo. Kama kambi peke yake ndiyo inayomfinyanga askari, wawili hawa wangefanana. Tofauti ni ya kisiasa. Baada ya maasi ya Januari 1964, Tanganyika ililivunja jeshi la kurithi, na Septemba mwaka huo JWTZ likaundwa juu ya misingi ya siasa ya nchi. Uganda, baada ya maasi yake ya mwezi ule ule, iliwaongeza askari mishahara na kuliacha jeshi lile lile. Tarehe 25 Januari, 1971 jeshi hilo likapindua serikali.

Pili, silaha. Kule Lukaya, tarehe 10 Machi, 1979, adui alikuwa na vifaru vya T-55 vya Kisovieti. Brigedi ya 201, yenye mgambo wengi, ikarudishwa nyuma. Nasi tulikuwa na mizinga ya roketi ya Kisovieti. Basi chuma hakina itikadi. Musuguri, kamanda wa Divisheni ya 20, aliiita Brigedi ya 208 impige adui ubavuni, na adui akavunjika. Wasimulizi wengi huruka habari ya kurudi nyuma, na kwa kuiruka wanaficha kazi halisi ya kamanda.

Tatu, umma. Mgambo waliotajwa na Mwongozo wa 1971 waliacha majembe wakashika bunduki. Malori ya raia yalibeba askari.

Musuguri aliongoza JWTZ kuanzia 1980 hadi 1988, akastaafu, akarudi Butiama. Kada asiulize tu jinsi jenerali alivyoshinda Lukaya. Aulize pia ni siasa gani iliyomfanya mwenye vifaru arudi kijijini kwake kwa amani, na ni nani leo anayeilinda siasa hiyo.