Jirani Si Mtu wa Zamani



Vitabu ambavyo wageni wameviandika juu ya nchi yetu ya Katanga ni vingi, na vingi vyao hatuvisomi. Kimoja nimekaa nacho miezi kadhaa, nikikisoma jioni baada ya mafundisho, kamusi ikiwa kando. Jina lake kwa Kiingereza ni Time and the Other, maana yake Wakati na Yule Mwingine. Kilitolewa mwaka 1983, na mwandishi wake ni Johannes Fabian, mtaalamu wa ile elimu ya watu na mila zao iitwayo anthropolojia. Si kitabu chepesi, lakini kinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, mwandishi alijifunza mengi hapa kwetu. Pili, kosa analolionyesha kwa wataalamu wenzake linapatikana pia kwenye milango ya nyumba zetu, na hata kwenye mlango wa kanisa.

Swali la elimu hiyo ni la haki: kwa nini watu hawafanani? Kwa nini huyu anazika hivi na yule vile? Ubaya ulikuwa katika jibu la kwanza. Mwaka 1877 Mmarekani Lewis Henry Morgan aliandika kwamba mataifa yote hupanda ngazi moja: chini kabisa wapo washenzi, katikati wapo wasiostaarabika vema, na juu wapo wastaarabu. Mwingereza Edward Tylor alikuwa ameandika mambo yanayokaribiana na hayo mwaka 1871. Tazama basi hila iliyomo. Mtu anayeishi leo, anayekula na kulia leo, amehesabiwa kuwa mtu wa miaka elfu iliyopita. Hakuna aliyemwuliza. Amewekwa jana, na aliye jana hawezi kujibu.

Fikira za namna hiyo hazikubaki vitabuni. Mwaka 1897 Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji, na wengi wao wakawekwa katika vijiji vya maonyesho kwenye bustani ya Tervuren, ili watu waje kuwatazama. Saba walikufa huko. Makaburi yao yapo kando ya kanisa la parokia ya mji ule. Walikuja kutazamwa kama watu wa zamani, lakini baridi iliyowaua ilikuwa ya mwaka uleule wa watazamaji wao.

Fabian anasema kwamba wataalamu waliofuata waliikataa ngazi ile, lakini mazoea yake yakabaki. Mtaalamu anafika kijijini. Anakaa kwenye kiti kimoja na mwenyeji wake, wanaulizana na kujibizana, wanacheka, pengine wanagombana. Bila kuishi pamoja wakati mmoja hivyo, asingejifunza neno hata moja. Kisha anarudi kwao kuandika. Ndipo yule aliyemjibu anapotoweka, na mahali pake panaingia neno “wao”. Wao huamini hivi. Wao huogopa vile. Mtu aliyekuwa mwenzake katika mazungumzo sasa ni kitu cha kutazamwa kutoka mbali, naye amewekwa katika wakati usio na jana wala kesho. Hilo ndilo kosa lenyewe: kumnyima mtu wakati mliokuwa nao pamoja.

Sisi wenye Kiswahili tunaweza kuligundua kosa hilo kwa kutazama silabi moja tu, ile “hu”. Mtu akiandika “Waluba huzika hivi” au “Walunda huoa vile”, hatuoni ni Mluba gani, alizika nani, mwaka gani, na kama ndugu zake walikubaliana. Hapa Lubumbashi tungesema “banafanyaka”, na jambo ni lilelile. Sisemi silabi hiyo ni dhambi; hata mimi naitumia. Nasema inaweza kuwa pazia, na nyuma ya pazia kuna mtu mwenye jina.

Mwandishi huyu alijifunza wapi mambo hayo? Kwa sehemu kubwa, nadhani, kwetu. Lakini ili kufahamu, turudi nyuma kidogo kwa Padri Placide Tempels.

Padri huyu Mfransisko alifika Kongo mwaka 1933, akafanya kazi kati ya Waluba wa Katanga. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kilitolewa kwa Kifaransa katika mji wetu huu, wakati ule ukiitwa Elisabethville. Askofu de Hemptinne hakukipenda. Kilikuwa na ushujaa wake: katika miaka ambayo wengi walisema Mwafrika hana mawazo ya kupangika, Tempels alisema anayo, na kwamba msingi wake ni nguvu ya uzima. Tumshukuru kwa hilo. Lakini ukisoma kwa makini utaona kidonda. Anasema Wabantu wanayo hekima, ila hawawezi kuieleza wenyewe. Kazi ya kuwaeleza ni ya Mzungu. Tena anaandika juu ya Muntu mmoja kwa ajili ya mamilioni ya watu, kana kwamba hatujawahi kubishana. Wanafilosofia wa Afrika kama Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni na Paulin Hountondji wa Benin walilikemea jambo hilo, na walikuwa na haki.

Ila yupo Tempels wa pili, na huyo wengi humsahau. Katika miaka ya 1950, karibu na Kolwezi, aliacha kueleza akaanza kuuliza. Alikaa na wachimba madini na wake zao, akawauliza wanatamani nini kuliko vyote. Jibu walilolitoa wao likawa msingi wa Jamaa: uzima, uzazi, mapendo. Naye akawaeleza yake, udhaifu wake pamoja, na kuwaambia kwamba ni wao waliomfanya padri kweli. Kitabu cha 1945 kilikuwa juu yao. Kile alichokitoa mwaka 1962 kinaitwa, kwa Kifaransa, Kukutana Kwetu. Majina hayo mawili yanaonyesha safari aliyoifanya.

Siifichi historia iliyofuata. Katika Jamaa palizuka mafarakano na mafundisho yaliyopotoka, na katika miaka ya 1970 maaskofu wetu walilazimika kuwarudi watu. Lakini mwanzo wake ulikuwa mazungumzo ya watu wanaotazamana usoni, na uzuri huo haukufutika.

Kwa watu hao ndipo Fabian alipofika mwaka 1966, akiwa kijana, kuwachunguza. Walimfundisha kwamba mawazo yao hayaokotwi kama mawe kando ya njia. Yanatolewa na kupokelewa katika maneno ya ana kwa ana. Hapakuwa na ngoma kubwa ya kupiga picha, wala mavazi ya ajabu. Palikuwa na watu wanaoongea Kiswahili. Kama hataki kuongea nao, hana cha kuandika. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alifundisha katika chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, mji ambamo pia V. Y. Mudimbe alikuwa akifundisha na kufikiri jinsi wageni walivyoibuni Afrika katika vitabu vyao. Kwa hiyo, wasomaji, elimu iliyosifiwa New York na Amsterdam imenyweshwa kwa maji ya Kolwezi na Lubumbashi.

Sasa nitaje makosa ya kitabu, kwa kuwa sifa tupu si usomaji.

La kwanza: katika kitabu kinachotaka sauti ya yule mwingine isikike, sauti yake ni adimu mno. Kurasa zimejaa maprofesa wanaojibizana. Mchimba madini wa Musonoi haongei humo. Fabian alilipa deni hilo kwa vitabu vingine. Mwaka 1990 alichapisha, pamoja na maelezo, historia ya Elisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav mwaka 1965, kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Hao waliofua na kupika walikuwa wamewachunguza Wazungu miaka yote ile, na wakaandika. Mwaka 1996 alitoa michoro 101 ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyeieleza historia ya nchi yetu kwa rangi na kwa maneno yake mwenyewe. Atakayesoma Time and the Other peke yake hatawajua watu hawa. Avisome vyote pamoja.

La pili ni zito zaidi. Mwandishi anabomoa kwa nguvu, lakini hasemi vya kutosha tukishakubali kwamba tunaishi wakati mmoja tufanye nini na tofauti zetu. Maana tofauti zipo. Kuna mtu anayeweza kutumia fundisho hili vibaya, aseme: “Sote ni sawa, basi fanya kama mimi.” Huko nako ni kumeza mtu. Mimi nadhani hivi: kuwa wakati mmoja hakufuti tofauti, bali kunaipa haki ya kujibu. Mtu wa zamani unamhurumia au unamcheka. Mtu wa leo inakubidi ubishane naye, na pengine ushindwe.

Tusidhani pia kwamba kosa hili ni la Wazungu tu. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga. Waliitwa “bilulu”, yaani wadudu. Familia nzima zililala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikingoja treni, na wengi walikufa, hasa watoto. Waliambiwa ni wageni, warudi kwao. Lakini baba na babu za wengi wao waliletwa na kampuni ya migodi na ya reli tangu miaka ya 1920. Watoto walizaliwa na kubatizwa hapa, hawakuwahi kuiona Kasai. Miaka sabini waliyoishi nasi haikuhesabiwa. Walinyimwa wakati wao kati yetu, kisha wakanyimwa nyumba. Ndivyo inavyofuatana.

Na mimi mwalimu wa dini? Nilikuwa na daftari lenye safu mbili kwa ajili ya wanaojiandaa kubatizwa: upande mmoja “imani”, upande wa pili “desturi za zamani”. Siku moja mama mmoja mzee, mjane, alinieleza jinsi alivyozungumza na marehemu mume wake kaburini kabla ya kumwoza binti yao. Nikashika kalamu niandike upande wa pili. Akaniuliza ninaandika nini. Nikamwambia. Akatulia kidogo, akasema: “Za zamani namna gani, mwalimu? Ilikuwa juzi, siku ya Jumamosi.”

Sikuwa na jibu. Labda alilofanya linapatana na fundisho letu juu ya ushirika wa watakatifu, labda kuna jambo la kusahihisha. Hilo tulilizungumza baadaye kwa muda mrefu, na yeye alinifundisha kadiri nilivyomfundisha. Lakini kwa kumwandika zamani nilikuwa nimekwisha kufunga mazungumzo kabla hayajaanza. Nilimfanyia mama huyu yale ambayo vitabu vya wageni vilitufanyia sisi.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakutoa orodha ya makabila na mila zao. Alisimulia habari za watu waliopita njia moja, siku moja. Wawili waliona wakapita kando. Wa tatu, aliyekuwa mgeni, alisimama. Alimkuta aliyejeruhiwa barabarani, saa ileile, damu ikitoka.

Daftari langu ninalo bado, lakini nimefuta vichwa vya safu zile mbili. Siku hizi naandika jina la mtu, tarehe, na alilosema. Kisha namsomea nilichoandika, naye ananisahihisha.