Zawadi za Televizio na Uamuzi wa Watazamaji

Katika muji wa Uvira, tangu Kavimvira hata Kalundu, watu wanaongea leo habari za michezo ya televizio kama vile wazee walivyoongea habari za mashauri ya kijiji. Wengine wanatazama nyumbani, wengine katika telefone, wengine katika nyumba za video ambamo kila mumoja analipa kidogo kusudi aingie. Michezo yenyewe inatoka Dar es Salaam, Nairobi, Lagos, hata Uturuki na China, nayo mingi inasemwa kwa Kiswahili. Kesho yake asubuhi, pale wanawake wanapongojea ndagala kando ya ziwa, maneno yanaanza: Yule muke alifanya vema kuvumilia? Yule ndugu mukubwa alikuwa na haki ya kuuza kiwanja cha baba? Mbona mama-mukwe alinyamaza, naye alijua yote?

Mutu asidharau maongezi hayo. Ndani yake watu wasiosoma sana wanapima matendo, wanatenganisha kosa na bahati mbaya, wanatafuta sababu iliyofichwa moyoni. Sisi tuliofundishwa filozofia tunafanya kazi ileile, tena mara nyingi bila bidii kama yao.

Lakini kuna maongezi mengine, yanayorudi kila mwaka wakati zawadi za televizio zinapotolewa. Hapo swali si tena kama yule muke alifanya vema. Swali ni moja tu: nani amepata? Vijana wanagawanyika kama siku ya mupira, kila kundi na muchezaji wake. Jina likisha kutangazwa, wenye kushinda wanacheka, wenye kushindwa wanasema wameibiwa, na muchezo wenyewe umesahauliwa. Nataka kuonyesha katika kurasa hizi kwamba zawadi haiwezi kuamua mahali petu, na kwamba tukiiacha iamue, tunapoteza kitu ambacho watu wetu walikuwa nacho mbele ya televizio kufika.

I. Zawadi hizi zinatoka wapi

Desturi ilianza Marekani. Zawadi za Emmy zilitolewa mara ya kwanza katika mwaka 1949, televizio ikiwa bado kitu kipya hata kule. Upande wetu mambo ni ya juzi. Kenya ilianza zawadi za Kalasha katika mwaka 2009. Katika mwaka 2013 kampuni ya televizio MultiChoice ilianza, kule Lagos, zawadi zinazoitwa kwa kifupi AMVCA. Jina lake lote linasema kwamba ni chaguo la watazamaji wa Africa Magic. Tanzania, ambako wanaziita tuzo, Bodi ya Filamu ilianza zake katika mwaka 2021.

Tukumbuke hasa mwaka 2016. Kule Lagos, Elizabeth Michael, ambaye watu wanamwita Lulu, alipata zawadi ya filme bora ya Afrika ya Mashariki kwa «Mapenzi ya Mungu», na Single Mtambalike, anayeitwa Richie, alipata ile ya filme ya Kiswahili kwa «Kitendawili». Furaha ilikuwa kubwa Tanzania, nayo ilikuwa ya haki. Watu waliozoea kuona kazi yao ikiuzwa sokoni kwa bei ndogo waliona wenzao wakiitwa mbele ya macho ya Afrika. Sisemi basi kwamba zawadi ni mbaya. Inamupa muchezaji heshima, inamutafutia kazi, na inawaonyesha wazazi kwamba mutoto wao hakupoteza wakati.

II. Zawadi inapima nini

Katika zawadi nyingi uamuzi unatolewa kwa njia mbili. Kwa sehemu moja, baraza la waamuzi linatazama kazi na kuchagua. Kwa sehemu nyingine, watazamaji wenyewe wanapiga kura kwa telefone.

Njia hii ya pili inapendeza, maana inaonekana kuwa sauti ya watu. Lakini ni sauti ya watu gani? Ni ya mwenye telefone, na moto wa kuijaza, na pesa za kununua megabaiti. Muzee wa Kalundu aliyefuata muchezo tangu mwanzo hata mwisho katika nyumba ya jirani yake, akaueleza kwa wajukuu kuliko mutu yeyote, hahesabiwi. Tena kura inahesabu upendo, haihesabu sababu. Aliyependa muchezo kwa ajili ya nguo za musichana na aliyeupenda kwa ajili ya ukweli wake, kila mumoja ana kura moja.

Tutazame pia mwenye kutoa. Africa Magic inaonyesha michezo, inauza michezo, na inatoa zawadi kwa michezo. Si dhambi, mwenye soko anaweza kusifu mihogo ya soko lake. Lakini munuaji mwenye akili anaionja kwanza. Wazee walisema: mugema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa inayokuja mapema inamuambia muchezaji kwamba amekwisha kufika, naye anarudia mwaka ujao machozi yaleyale na kofi lilelile, kwa sababu ndiyo yaliyoshangiliwa.

Labda mutu atauliza: na waamuzi wa baraza, si watu wenye ujuzi? Ndiyo, mara nyingi. Lakini mara nyingi pia tunasikia jina tu, hatusikii sababu. Hapa kuna mufano mwema, nao uko karibu nasi. Katika sikukuu ya filme ya Zanzibar, ZIFF, chama SIGNIS, kilichozaliwa katika mwaka 2001 kwa kuunganisha vyama viwili vya Kikatoliki vya sinema na vya radio na televizio, kimekuwa na baraza lake la waamuzi. Desturi ya mabaraza ya chama hiki ni kusema, pamoja na jina la filme, kwa nini imechaguliwa. Mistari michache tu. Lakini mistari hiyo inatosha kusudi mutazamaji aweze kujibu: «Hapana, hapa mumekosa.» Uamuzi uliotolewa pamoja na sababu unaendesha maongezi. Uamuzi usio na sababu unayafunga.

III. Michezo iliyopita bila zawadi

Wapenzi wa televizio katika inchi za mbali wanajua habari ya muchezo wa Marekani unaoitwa «The Wire», ulioonyeshwa tangu mwaka 2002 hata 2008, sehemu 60 kwa jumla. Unaeleza muji wa Baltimore: polisi na wauza dawa za kulevya, kisha bandari, kisha siasa, kisha masomo ya watoto, kisha gazeti. Aliyeuanzisha, David Simon, alikuwa kwanza mwandishi wa gazeti katika muji uleule. Leo wengi wanauhesabu kati ya michezo mikubwa kuliko yote ya televizio, na haukupata Emmy hata moja. Nguvu yake iko wapi? Haukumufanya mutu yeyote kuwa shetani mutupu wala malaika mutupu, na ulionyesha ginsi mutu mwema anavyoharibiwa pole pole na kazi anayoitumikia. Mambo hayo hayapigi kelele katika usiku mumoja wa kushangilia.

Lakini tuna mufano wetu wenyewe, katika Kongo yetu na katika Kiswahili chetu. Kule Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilicheza miaka mingi katika radio na katika televizio. Walicheza bila kitabu: walipatana juu ya njia ya hadizi, kisha kila mumoja alitafuta maneno yake mwenyewe, katika Kiswahili cha kazini na cha sokoni. Mutaalamu Johannes Fabian ameandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Anaeleza kwamba katika mwaka 1986 aliwauliza maana ya musemo mumoja juu ya ufalme, kwamba unaliwa muzima, haugawanywi. Wachezaji hawakupatana. Kila mumoja alieleza kwa njia yake. Basi wakaamua kuufanya musemo ule kuwa muchezo wa televizio, wakaenda kuucheza katika kijiji cha Kawama, mbele ya macho ya watu wa kijiji.

Tufikiri vizuri juu ya jambo hili. Muchezo ulizaliwa kwa mabishano juu ya neno moja, wakati wa Zaire, siku ambazo kusema juu ya ufalme usiogawanywa halikuwa jambo la kucheka tu. Ulipoonyeshwa katika televizio, neno lile lilirudi kwa watu nao wapate kulibishania. Mabishano yakazaa muchezo, na muchezo ukarudisha mabishano. Hakuna sanamu ya zahabu inayoweza kufanya hivyo. Mufwankolo alipata jina lake katika vinywa vya watu wa Lubumbashi, waliomujua kwa sauti tu, mbele hata ya kumuona uso.

IV. Nini inafanya muchezo kuwa muzuri

Tuchukue muchezo mumoja wa Tanzania, «Siri ya Mtungi», ulioanza mwishoni mwa mwaka 2012. Ulitengenezwa kwa msaada wa Wamarekani kusudi watu wajifunze mambo ya afya na ya ndoa. Kazi ya namna hii ina hatari yake: muganga anaingia, anasema somo, anatoka, na mutazamaji analala. Lakini hapa kijana Cheche, mupiga-picha, anajaribu kuwa mume mwema kwa muke wake Cheusi, na vishawishi havimuachi. Hatumuchukii, hatumusifu; tunamuogopea. Somo limeingia ndani ya mutu, halikubaki juu yake kama vazi. Hiki ndicho kipimo cha kwanza: mutu wa muchezo awe na uwezo wa kuchagua vibaya, na sisi tuelewe kwa nini.

Kipimo cha pili ni kwamba muchezo uguse jambo ambalo watazamaji wanalo tayari nyumbani. Katika mwaka 2011 televizio ya Tanzania ilionyesha muchezo wa Kichina, uliotiwa maneno ya Kiswahili, juu ya bibi kijana Doudou na mama-wakwe zake. Ulipendwa sana, hata Rais Xi Jinping aliutaja katika hotuba yake Dar es Salaam, mwezi wa tatu 2013. Watu hawakuwajua wachezaji wale wala muji wao. Walimujua mama-mukwe.

V. Sisi tufanye nini

Jambo hili halihusu Lagos tu. Vijana wa Uvira wenyewe wanacheza sasa michezo mifupi, wanaipiga picha kwa telefone, wanaipeleka kwa rafiki zao. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini sikilizeni namna wanavyosema: wengi wanaacha Kiswahili cha mama zao, wanaiga cha Dar es Salaam, kwa sababu ndicho kilichopata zawadi. Nyumba wanazoonyesha ni nyumba ambazo hawajaingia hata siku moja, na wivu wao ni wivu wa matajiri. Na mambo ya hapa, ndugu wanaogombania shamba kando ya Ruzizi, muvuvi aliyekopa motere na hawezi kulipa, muke aliyebaki peke yake baada ya mafuriko ya mwezi wa ine 2020, nani atayacheza?

Na sisi katika parokia tunatoa zawadi pia. Kila Noeli na kila Pasaka vikundi vya vijana vinashindana kwa michezo, padri au katekista anakaa mbele na karatasi yake, na mwishoni anasoma: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watoto wanapiga vigelegele na kwenda nyumbani. Kundi la tatu halijui limekosa nini, na kundi la kwanza halijui limefanya nini vema.

Tubadilishe desturi hiyo. Mwamuzi asimame mbele ya kutangaza namba, aeleze mahali gani muchezo ulikuwa wa kweli na mahali gani ulidanganya. Kisha awaache watu wamujibu. Muzee akisema, «Padri, mume wa namna ile hapa kwetu hasemi hivyo,» aandike neno lile, maana ni la mutu anayejua. Hata katika seminari, tukisha kutazama filme ya jioni, tusiulize kwanza imeshinda wapi. Tuulize nani ndani yake angeweza kufanya tofauti, na kwa nini hakufanya.

Zawadi zitaendelea kutolewa, nasi tutafurahi Mukongomani akiitwa siku moja. Lakini siku ile ikifika, wanawake wa kando ya ziwa waendelee kuuliza, kesho yake asubuhi, kama yule muke alifanya vema kuvumilia.