Kuondoa LXDE bila kupoteza intaneti

Eneokazi lililolala kwenye diski halili RAM. Wengi wanaofuta LXDE baada ya kuweka Xfce hutarajia kompyuta iongeze kasi, nayo haiongezi, kwa kuwa RAM hutumiwa na eneokazi lile tu ulilolifungua. Hapa Butembo tunayo sababu nyingine ya kufuta, na ni nzito: mega. Kila masasisho yanapotoka, kompyuta hupakua hata vifurushi vya eneokazi usilolitumia, kwa mega ulizozinunua mwenyewe.

Kompyuta tuliyoishughulikia ni ya ofisi ya kuchapa na kutoa fotokopi, ile inayoishi kwa TFC za wanafunzi, yaani kazi zao za kumaliza masomo: RAM ya GB 2, Debian 12, LXDE. Eneokazi hilo lilianzishwa mwaka 2006 na Hong Jen Yee wa Taiwan, na sehemu kubwa yake imejengwa juu ya GTK 2, ambayo iliacha kuhudumiwa mwaka 2020. Mwanzilishi mwenyewe alihamia Qt, kazi iliyozaa LXQt, na Lubuntu, iliyokuwa ikitumia LXDE, ikamfuata mwaka 2018. Sisi tulichagua Xfce. Ni nzito kidogo, lakini GB 2 zinaitosha pamoja na LibreOffice.

Xfce iliwekwa kwanza, LXDE ikiwa bado ipo. Tulitumia apt-get badala ya apt, kwa makusudi: apt hufuta vifurushi ilivyovipakua ikishaviweka, apt-get huviacha ndani ya /var/cache/apt/archives. Tulivinakili kwenye flashi, ikapanda gari hadi Beni, kilomita 54 hivi, kwenye kompyuta nyingine ya Debian 12 iliyowekwa kwa namna ileile. Huko Xfce iliingia bila kununua mega hata moja.

Kisha, tulipoifungua Xfce ofisini, kibodi ikabadilika. Kibodi zetu ni za AZERTY, na aliyeiandaa LXDE alikuwa ameandika setxkbmap fr ndani ya ~/.config/lxsession/LXDE/autostart, faili ambayo Xfce haiisomi kabisa. Ukibonyeza A unapata Q. Ukibonyeza M unapata nukta-mkato. Mchapaji anayelipwa kwa ukurasa hawezi kufanya kazi hivyo. Mahali sahihi ni /etc/default/keyboard, kwa XKBLAYOUT="fr", maana faili hiyo husomwa na skrini ya kuingilia na eneokazi lolote litakalofuata.

Hatari yenyewe iko kwenye kufuta. LXDE iliingia kupitia task-lxde-desktop, kifurushi ambacho kazi yake ni kuita vingine. Ukikiondoa, vile kilivyovileta vinabaki bila mdhamini, na autoremove huvihesabu kuwa takataka. Humo inaweza kuwemo network-manager inayokuunganisha na WiFi, na lightdm inayokufungulia skrini ya kuingilia. Ukiipoteza ya kwanza, huna tena intaneti ya kuirudishia. Kwa hiyo kabla ya lolote:

sudo apt-mark manual network-manager network-manager-gnome lightdm

Baada ya hapo tukajaribu kwanza kwa apt-get -s, ambayo huonyesha kitakachoondoka bila kugusa kitu. Kwenye orodha tukakuta LibreOffice, yaani riziki nzima ya ofisi ile! Tukaiongeza kwenye apt-mark pamoja na cups ya printa, tukasoma orodha upya mstari kwa mstari, ndipo tukafuta kweli. Anayebonyeza ndiyo bila kusoma orodha hiyo anacheza kamari na kompyuta ya mtu. Na kazi hii isianzwe jenereta ikikaribia kuishiwa mafuta, ingawa umeme ukikatika katikati, dpkg --configure -a humalizia vifurushi vilivyoachwa nusu.

Mipangilio ya LXDE iliyobaki ndani ya ~/.config hatukuigusa. Amri ya kufuta vifurushi haifiki huko, faili zenyewe ni kilobaiti chache, na mtumiaji akitaka kurudi LXDE atakuta paneli yake kama alivyoipanga.