Daktari wa Brixham kando ya Mto Pangani

Mei 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliteremka kando ya Mto Pangani likiwasukuma Wajerumani na askari wao, milima ya Upare ikiwa mkono wa kushoto. Katika msafara huo alikuwamo daktari wa kikosi cha Rhodesia, Francis Brett Young. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alikuwa akitibu watu wa Brixham, mji mdogo wa wavuvi katika jimbo la Devon, Uingereza. Mwaka uliofuata alitoa kitabu, Marching on Tanga.

Tanga yenyewe haimo. Safu yao iliiacha reli ya Tanga, ikakata kuelekea Handeni; mji ulitwaliwa Julai na wengine. Mwandishi mwingine angetafuta namna ya kujipenyeza hadi bandarini ili jina la kitabu litimie. Yeye aliandika alipofika tu. Nauheshimu sana uamuzi huo, na nadhani ulitokana na kazi yake: daktari akijaza cheti cha mgonjwa huandika alichokiona na alichokigusa.

Ndiyo maana adui haonekani sana humo. Kinachoonekana ni vumbi, miiba, kiu, homa, mto unaopita kijani katikati ya nyika kavu. Na hivyo ndivyo vita ile ilivyokuwa: maradhi yaliangusha watu wengi kuliko risasi. Anaitazama nchi kwanza, taratibu, kabla ya kusema imewafanya nini watu. Sentensi zake ndefu hazikwami. Alikuwa pia mtunzi wa muziki, na mkewe Jessie mwimbaji, na sikio hilo linasikika. Natamani tu angewazungumzia zaidi wapagazi, waliokufa kwa maelfu wakibeba mizigo ya jeshi.

Malaria ilimharibia afya, asiweze tena kurudi kwenye udaktari. Akaishi kwa kalamu, lakini zahanati haikumtoka: My Brother Jonathan ya 1928 na Dr. Bradley Remembers ya 1938 ni riwaya za madaktari wa kawaida, wanaoamshwa usiku na kulipwa kidogo. Barua na karatasi zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, alikosomea tiba. Sura zake za Pangani zinastahili kutafsiriwa kwa Kiswahili, zisomwe Same, Korogwe na Handeni, na watu wanaoijua nyika ile kuliko alivyoijua yeye.